Tiba ya mwanga kwa saratani ya ngozi: je, inaweza kuchukua nafasi ya upasuaji kwa kaka yangu?

Swali kutoka kwa Dada wa Mbagala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Ninaandika kwa niaba ya kaka yangu wa tumbo moja, mwenye umri wa miaka 38, ambaye ni mtu mwenye ualbino na anauza nguo za mitumba Mbagala Rangi Tatu. Miezi minane iliyopita alitokewa na kigaga kidogo kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, nasi tukadhani amekwaruzwa na kofia. Kigaga kikawa kinabanduka na kurudi, kinabanduka na kurudi, na tangu mwezi wa Ramadhani kimekuwa kidonda kisichofunga, ambacho kila asubuhi huacha alama ya damu kwenye foronya. Vilevile ana mabaka magumu yenye kukwaruza kama msasa kwenye paji la uso na nyuma ya shingo, ambayo amekuwa nayo kwa miaka mingi.

Mwezi uliopita alikwenda hospitali, na daktari akamweleza kwamba anashuku saratani ya ngozi, akataka kukata kipande kidogo cha kidonda kipelekwe maabara, na akamwambia ajiandae kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Kaka alirudi nyumbani na hadi leo hajakubali kwenda tena. Sababu yake ni ile ambayo wengi wetu tumekua tukiisikia, kwamba saratani ikiguswa na kisu hukasirika na kusambaa. Kwa bahati mbaya baba yetu mdogo alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni akafariki miezi michache baadaye, kwa hiyo kila ninapofungua mdomo kaka hunitajia marehemu.

Sasa binamu yetu aliyeko Ujerumani ametutumia video ya tiba ya mwanga. Mgonjwa anapakwa krimu, anakaa saa kadhaa, kisha anamulikwa kwa taa nyekundu, na inaelezwa kwamba saratani inakufa bila kukatwa na bila kuacha kovu kubwa. Kaka ameishika habari hiyo kwa mikono miwili. Wakati huohuo kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza taa nyekundu za kutibia ngozi kwa shilingi 350,000, akidai kwamba zinaponya saratani mtu akiwa nyumbani kwake, na kaka ameanza kuweka akiba.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Je, tiba hiyo ni ya kweli? Je, ndiyo ile mionzi ya hospitali ya saratani ya Ocean Road au ni kitu kingine? Inamfaa mtu mwenye hali kama ya kaka yangu? Na taa hiyo inayouzwa, ina faida yoyote?

Jibu kutoka kwa Tabibu wa Ngozi, Ilala

Dada, pole sana kwa kuuguza, na umefanya vyema kuuliza kabla akiba ya kaka haijaishia kwa muuzaji wa taa. Mimi ni afisa tabibu niliyesomea magonjwa ya ngozi kule Moshi, katika kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC, na wengi wa wagonjwa wangu ni watu wenye ualbino. Siwezi kumpima kaka yako kwa maandishi, lakini naweza kueleza jinsi tiba hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ukishaelewa utendaji wake utaona mwenyewe inafika wapi na inakomea wapi.

Tiba hiyo ni ya kweli, na madaktari huiita tiba ya fotodinamiki. Asili yake ni mji wa Munich mwaka 1900, ambako mwanafunzi wa udaktari, Oscar Raab, aliripoti kwamba viumbe wadogo wa majini waliotiwa rangi ya akridini walikufa walipopigwa na mwanga, ilhali wenzao waliotiwa rangi hiyohiyo na kuachwa gizani walibaki hai. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, hakuchelewa. Kufikia mwaka 1903 yeye na mwenzake Jesionek walikuwa wamekwisha kupaka rangi ya eosini kwenye uvimbe wa ngozi za wagonjwa na kuwamulika. Krimu tunayoizungumzia leo ni changa zaidi, kwani ni mwaka 1990 ndipo Kennedy na wenzake nchini Kanada walipochapisha matokeo ya kupaka asidi ya aminolevuliniki juu ya ngozi.

Asidi hiyo peke yake haiui saratani. Ni malighafi ambayo mwili wenyewe huitumia kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Ikipakwa kwenye ngozi, seli huigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa protopofirini, ambayo kwa kawaida ingetiwa madini ya chuma na kazi ikaishia hapo. Lakini seli za saratani, pamoja na zile zilizoanza kuharibika, hulimbikiza protopofirini nyingi kuliko seli nzima zilizo jirani nazo. Kisha huja mwanga mwekundu, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 630 hivi. Protopofirini huunyonya mwanga huo, huipa nguvu oksijeni iliyomo ndani ya seli, na oksijeni hiyo iliyochachamaa ndiyo inayoiunguza seli kutokea ndani. Mambo yanayohitajika ni matatu, yaani dawa, mwanga na oksijeni, na moja likikosekana hakuna tiba. Kwa hiyo swali lako la mwisho limekwisha kupata jibu: taa nyekundu inayomulika ngozi isiyo na dawa ndani ya seli haiwezi kuua saratani, hata ingeuzwa kwa shilingi milioni kumi. Mwambie kaka akiba hiyo aitunze kwa ajili ya nauli na vipimo.

Kuhusu Ocean Road, nakuelewa kabisa kwa nini umechanganyikiwa, maana neno mionzi tunalitumia kwa jua, kwa picha za eksirei na kwa matibabu ya saratani bila kutofautisha. Mionzi inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road hupenya ndani ya mwili na kuvunja vinasaba vya seli za saratani. Haihitaji krimu, kwa kawaida hugawanywa kwa siku nyingi, na huweza kutumika kwa saratani ya ngozi iliyokwenda chini au isiyoweza kukatwa yote. Mwanga wa tiba ya fotodinamiki ni mwanga unaoonekana kwa macho kama wa taa yoyote, taa yake haitoi ile mionzi ya urujuanimno iliyoiharibu ngozi ya kaka, na haupenyi mbali.

Ninakuomba usimame kidogo kwenye maneno hayo ya mwisho. Krimu na mwanga kwa pamoja hufanya kazi vizuri pale ambapo unene wa ugonjwa hauzidi milimita 2 hivi. Ndiyo maana tiba hiyo hutumika kwa mabaka magumu yanayoletwa na jua, kwa ugonjwa wa Bowen, ambao ni saratani iliyo bado ndani ya tabaka la juu la ngozi, na kwa saratani ya seli za msingi, yaani seli za chini kabisa za tabaka hilo, ikiwa ni ya aina ya juujuu. Saratani ya seli bapa, yaani seli zinazojenga sehemu kubwa ya tabaka hilo, ikiwa imekwisha kulitoboa na kushuka chini, haitibiwi kwa njia hiyo. Ngozi ya juu inaweza kuonekana imepona huku mzizi ukiendelea kukua chini yake, na aina hii ya saratani inaweza kusafiri hadi kwenye tezi za shingo.

Jambo ambalo video ya binamu haikuwaambia ni hili. Kwa wenyeji wa Ulaya, saratani ya ngozi inayoonekana zaidi ni ya seli za msingi, ambayo hukua polepole na ni nadra sana kusafiri. Kwa watu wenye ualbino hapa kwetu inayoonekana zaidi ni ile ya seli bapa, na makao yake makuu ni kichwa, uso na shingo. Daktari wa Ujerumani akisema "saratani ya kawaida ya ngozi" na mimi nikisema maneno hayohayo hapa Ilala, mara nyingi tunazungumzia magonjwa mawili tofauti. Sisemi kwamba kaka yako anayo ya seli bapa. Ninachosema ni kwamba kidonda cha sikioni chenye miezi minane, kinachotoa damu kwa kuguswa na mto tu, kinahitaji jibu la maabara wiki hii.

Na kisu hakisambazi saratani ya ngozi. Ninaijua imani hiyo na siidharau, kwa sababu ilizaliwa na mambo ambayo watu waliyaona kwa macho yao: ndugu alikuwa na uvimbe kwa miaka miwili au mitatu, akapelekwa hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea, akakatwa, akafa. Walioachwa waliuona upasuaji. Kuenea kulikotangulia hakuna aliyekuona. Kipande kinachochukuliwa kwa ajili ya maabara ni cha milimita chache, hukatwa kwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Bila hicho kipande, hata huko Ujerumani daktari angekosea kumpaka krimu, kwa kuwa hajui ugonjwa ni wa aina gani wala umeshuka kiasi gani.

Jibu kutoka kwa Mama Doreen, Tegeta

Tabibu ameeleza vizuri, nami nitaongeza kile nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya ngozi nchini Uingereza kwa miaka 6 kabla ya kurudi nyumbani, na tiba hii niliisaidia mara nyingi. Wagonjwa wetu walikuwa wazee wa Kizungu, wengi wao wakulima, mafundi wa kuezeka na watu waliopenda bustani.

Mgonjwa alipofika, kwanza tulikwangua taratibu vigaga vya juu ili dawa ipenye, kisha tukapaka krimu na kuifunika kwa plasta isiyopitisha mwanga. Alikaa saa 3. Wapo waliokwenda kunywa chai wakarudi. Tulipofunua, tulimulika kwanza kwa taa ndogo ya buluu, na sehemu yenye ugonjwa iling'aa waridi iliyokolea huku ngozi ya pembeni ikibaki ya kawaida. Hadi leo sijaisahau rangi ile. Ndipo taa kubwa nyekundu ilipowashwa, kwa muda usiofika dakika 10. Kwa saratani na kwa ugonjwa wa Bowen tulirudia baada ya wiki moja, na mgonjwa alikaguliwa tena baada ya miezi 3.

Video hazionyeshi maumivu. Dakika za kwanza za taa zinaunguza kweli, hasa usoni na kichwani, na nimewahi kumshika mkono mzee wa miaka 80 akilia huku nikimpepea kwa feni na kumnyunyizia maji baridi. Wengine ilibidi wachomwe sindano ya ganzi ya mishipa ya fahamu kwanza. Baada ya hapo sehemu hiyo hufunikwa isipate mwanga kwa siku mbili, huvimba, hufanya kigaga, kisha hupona kwa kovu dogo sana. Hilo la kovu ni kweli, na kwa uso wa mtu, au kwa muundi wa bibi kizee ambao ukikatwa haufungi kwa miezi, ni faida kubwa ambayo sitaibeza.

Lakini kovu dogo si sawa na uponyaji wa hakika. Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Uholanzi kwa wagonjwa 601 wenye saratani ya seli za msingi ya juujuu, ambao uligawa wagonjwa katika makundi matatu: tiba ya mwanga, krimu ya imikwimodi na krimu ya fluorourasili. Baada ya miaka 5, waliobaki bila saratani walikuwa asilimia 62.7 kwa mwanga, asilimia 80.5 kwa imikwimodi na asilimia 70.0 kwa fluorourasili. Maana yake ni kwamba hata kwa ugonjwa mwepesi ambao tiba hii ilitengenezewa, krimu ya kupaka nyumbani, isiyohitaji taa yoyote, ilishinda. Utafiti mwingine ulilinganisha mwanga na upasuaji kwa saratani ya seli za msingi iliyoumuka kama kinundu, na katika miaka 5 ugonjwa ulirudi kwa asilimia 14 ya waliomulikwa na asilimia 4 ya waliokatwa. Tukumbuke kwamba hao ni watu waliochunguzwa kila walipoitwa. Mtu anayepanga biashara yake kwa siku na ambaye kila safari ya kliniki ni siku ya mauzo iliyopotea anahitaji tiba inayomaliza kazi mara moja, na kwa kidonda kama hicho kisu ndicho kinachomaliza.

Niongeze dogo: krimu zile zilikaa kwenye jokofu muda wote. Yeyote atakayewauzia "krimu ya mwanga" iliyokaa kwenye meza juani, msimwamini.

Dada wa Mbagala anauliza tena

Ninawashukuru sana, Tabibu na Mama Doreen. Nimesoma majibu yenu nikiwa na kaka pembeni yangu. Kuhusu sikio amenyamaza, na kwa ninavyomjua kunyamaza kwake ni kufikiri. Ila ameuliza mambo mawili ambayo ninayaleta kama alivyoyasema.

La kwanza, hayo mabaka ya paji la uso na shingo, ambayo Tabibu ameyataja kuwa ni katika yanayotibika kwa mwanga, je, hayo hayawezi kumulikwa hata kama sikio halifai? La pili, binamu ametuma habari nyingine inayosema kwamba siku hizi wanatumia mwanga wa mchana badala ya taa. Kaka anasema kama ni mwanga wa mchana, basi Dar es Salaam tunao wa kutosha na wa bure, na yeye anakaa juani kutwa nzima; kwa nini basi haponi?

Tabibu wa Ngozi anajibu

Hilo la pili ni swali zuri sana, na ninafurahi kwamba ameliuliza kabla ya kulijaribu.

Ni kweli kwamba ipo tiba ya fotodinamiki ya mwanga wa mchana, na waliofanya kazi kubwa ya kuikuza ni madaktari wa Denmaki. Lakini fuatana na hatua zake. Mgonjwa hupakwa kwanza mafuta ya kukinga jua, ya aina ambayo huzuia mionzi ya urujuanimno na kuacha mwanga unaoonekana upite. Kisha mabaka hukwanguliwa, krimu ile ile ya dawa hupakwa, na ndani ya nusu saa mgonjwa hutoka nje na kukaa kwa saa 2 tu, halafu huingia ndani na kuoshwa. Dawa hutengeneza protopofirini kidogo kidogo na mwanga huitumia kidogo kidogo, ndiyo maana maumivu ni madogo kuliko ya taa. Inatumika kwa mabaka membamba ya usoni na kichwani, na kidonda cha saratani kama kile cha sikio hakimo. Kaka anapokaa juani Rangi Tatu hana dawa ndani ya seli, na mara nyingi hana hata mafuta ya kukinga jua. Anachopata ni ile sehemu ya jua inayovunja vinasaba vya ngozi isiyo na rangi ya kujikinga. Jua hilo ndilo lililomletea mabaka. Tafadhali asijaribu kujianika kwa nia ya kujitibu.

Kuhusu mabaka yenyewe, naam, kwa asili yake ni ugonjwa unaolingana na tiba ya mwanga. Lakini zipo njia mbili nyingine zinazofanya kazi hiyohiyo kwa urahisi zaidi na ambazo tumezizoea hapa nchini. Moja ni kuyagandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali kiasi kwamba sekunde chache zinatosha kuua seli zilizoharibika. Hufanyika hata katika kliniki zinazotembelea wilaya kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ya pili ni krimu ya fluorourasili aliyoitaja Mama Doreen, ambayo mgonjwa huipaka nyumbani kwa wiki kadhaa kwa maelekezo ya daktari. Ngozi itawaka na kuwa nyekundu, na wengi huacha katikati wakidhani dawa imewadhuru, kumbe huko kuwaka ndiyo kazi yake. Aanze na sikio, kisha mabaka yafuate katika kliniki ileile.

Jibu kutoka kwa Hamisi wa Kigamboni

Assalaam aleikum. Mimi ninaandika kwa huyo kaka moja kwa moja, na wewe dada nakuomba umsomee.

Kaka yangu, mimi pia nina ualbino, nina miaka 46, na kisu kimenigusa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kidonda cha paji la uso, kidogo kama punje ya hindi. Nilikwenda mapema, si kwa akili zangu, ni mama aliyenikokota. Walinichoma ganzi, nikasikia wanavuta ngozi lakini sikusikia maumivu, wakanishona nyuzi 6, na jioni nilikula ubwabwa nyumbani. Leo kovu lake ni mstari ambao lazima nikuonyeshe ndipo uuone.

Mara ya pili ilikuwa shavu la kulia, na safari hiyo mama alikuwa amekwisha kufariki na hapakuwa na wa kunikokota. Nilikaa nacho mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa ninapaka unga wa mizizi niliouziwa na mtu aliyeniapia kwa Mungu kwamba kitakauka, na kweli kilikuwa kinakauka juu, kinafanya ganda jeusi, nikawa nafurahi. Chini ya ganda kiliendelea. Nilipofika hospitali walilazimika kuondoa sehemu kubwa ya shavu na kuchukua ngozi ya paja kuziba pengo. Nililala wodini wiki tatu. Nilipopapaswa shingo kutafuta mitoki nilisoma Kursi yote kimoyomoyo kabla daktari hajaondoa mkono. Haikuwepo, Alhamdulillahi.

Ninakwambia haya kwa sababu mtu akikuonyesha taa isiyokata, mimi ninayaelewa matamanio yako kuliko daktari yeyote anavyoweza kuyaelewa. Kama ingekuwapo taa ya kuniokoa na zile wiki tatu za wodini, ningeuza kitanda changu. Lakini ukubwa wa kisu unaupanga wewe kwa siku unazokaa nyumbani. Kile cha kwanza changu kilikuwa nyuzi 6.

Na jambo lingine, dada ameandika kwamba mlidhani ni kofia iliyomkwaruza. Ni kofia ya namna gani? Kama ni kapelo, basi masikio na shingo vimekaa juani miaka yote hiyo akidhani amejikinga. Avae pama lenye ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na meza ya mitumba aihamishie upande ambao kuanzia saa nne asubuhi una kivuli, hata kama wateja ni wachache kidogo. Akitaka mtu wa kumsindikiza, mimi navuka na pantoni asubuhi na mapema siku yoyote atakayoitaja. Tabibu anaweza kutuunganisha.

Dada wa Mbagala

Kaka Hamisi, Mungu akulipe. Nilimsomea, akaniomba nirudie pale pa nyuzi 6 na pale pa ganda jeusi. Kisha akauliza kama kweli wewe ni mtu au ni hospitali imeandika. Nikamwambia mtu anayelala wodini wiki tatu na kusoma Kursi huku shingo yake inapapaswa hawezi kutungwa. Amecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Amekubali kukatwa kipande cha maabara, na kwa sasa amekubali hicho tu. La upasuaji amesema atalisema jibu likitoka. Ninaona nisimsukume zaidi ya hapo. Tunakwenda Jumatatu, na angependa sana kaka Hamisi awepo. Fedha ya taa ameitoa kwenye kibubu na kunikabidhi. Tabibu, kuna lolote la kuandaa kabla ya siku hiyo?

Tabibu wa Ngozi, Ilala

Nimekutumia ujumbe wa faragha ili niwaunganishe na Hamisi. Kutomsukuma ni uamuzi sahihi. Kipande ndicho kinachohitajika kwanza, na kwa hilo amekwisha kukubali.

Kuanzia leo asikipake kidonda kitu chochote, si mafuta ya nazi, si mwarobaini, si dawa ya unga, ili daktari akione kama kilivyo. Asikibandue kigaga. Akioga apitishe maji safi na akaushe kwa kitambaa laini bila kusugua. Abebe ile karatasi aliyopewa mwezi uliopita, pamoja na majina ya dawa zozote anazomeza, hasa kama anatumia aspirini au dawa nyingine ya kufanya damu isigande, na kama kuna sindano ya ganzi iliyowahi kumletea shida, hata ya kung'oa jino, aseme kabla hajachomwa. Ale kifungua kinywa kama kawaida. Ombeni daktari ampapase shingo pande zote mbili na nyuma ya masikio siku hiyohiyo, na aangalie ngozi yake yote, pamoja na mgongo na mikono.

Majibu ya maabara yakitoka, msiridhike kuambiwa "ni saratani" au "si saratani". Ulizeni ni ya seli gani, imeshuka milimita ngapi, na kama imefikia gegedu la sikio. Andika majibu hayo matatu kwenye daftari uyalete hapa, nami nitakueleza kila moja lina maana gani kwa matibabu yake, pamoja na hiyo ya mwanga kama jibu litairuhusu.